Kabla ya Bomba Kulikuwa na Kikao: Maji, Kodi na Mabaraza ya Upare

Ndugu msomaji, uwe Leicester au Muscat, Houston au Toronto, bila shaka umewahi kupokea ujumbe wa aina hii kutoka nyumbani: kijiji kimeamua kujenga zahanati, wana-kijiji wote walio nje wanaombwa kuchangia. Ni ujumbe mzuri na wengi wetu hutoa, hata kama ni baada ya zamu ya usiku ya kubeba maboksi. Lakini ndani yake mna neno moja ambalo hatuliulizi, nalo ni hilo "kimeamua". Kijiji huamuaje? Nani alikuwapo siku hiyo? Nani aliuliza bei ya saruji, na je, yupo aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana na akasikilizwa?

Maswali hayo yana historia ndefu kuliko serikali yenyewe. Ili tusipotee njiani, nitachukua pembe moja tu ya nchi, yaani milima ya Upare, kaskazini-mashariki ya Tanzania, ambako leo kuna wilaya za Mwanga na Same. Nimeichagua kwa sababu huko maji hayajawahi kuwa jambo la kubahatisha, na pia kwa sababu mwaka 1945 wananchi wa huko waliziacha nyumba zao wakaenda kukaa mbele ya ofisi ya Bwana Shauri, wakitaka kujua kwa nini hawakuulizwa.

Kwa wale wasioijua, safu ya Upare inaanza kusini-mashariki ya Kilimanjaro na kuelekea Usambara. Juu kuna mvua, migomba, mibuni na misitu. Chini, pande zote mbili, ni nyika kavu. Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi inapita ukingoni mwa milima upande wa magharibi, na abiria anayechungulia dirishani pale Makanya au Same anaona vumbi na mkonge, akadhani nchi yote ndiyo hiyo. Kumbe juu ya kichwa chake kuna vijito vinavyotiririka mwaka mzima. Shida ni kwamba ni vijito vidogo, na wanaovihitaji ni wengi.

Wapare walilijibu tatizo hilo kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo lililochimbwa kwenye mteremko. Kijito kidogo kikiachwa kitiririke chenyewe kwenye mfereji, maji hunywewa na ardhi kabla ya kufika shamba la mbali. Lakini yakikusanywa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi kwa mkupuo mmoja, yana nguvu ya kusafiri. Wanaokaa juu wakinywesha mchana, wa chini hujaza usiku. Katika bonde la mto Makanya, kwa mfano, watu wa Vudee walio juu na watu wa Bangalala walio chini yao wamekuwa na mapatano ya namna hiyo ya kugawana mchana na usiku.

Sasa tazama kinachotakiwa ili ndiva ifanye kazi. Lazima kuwe na watu wa kuzibua tope, mtu wa kufungua na kuziba, utaratibu wa zamu, adhabu kwa mwizi wa maji, na mahali pa kupeleka malalamiko. Hivyo vyote vilikuwapo kabla ya Mjerumani kufika. Ndiva nyingi zilikuwa za ukoo ulioichimba. Asiye wa ukoo aliomba, akaleta pombe ya miwa, ile dengelua, akatoa nguvu kazi, naye akapangiwa zamu. Kazi ya pamoja iliitwa msaragambo, neno ambalo baadaye lilienea mbali na Upare. Asiyetokea msaragambo alitozwa faini au alikosa maji, na hakuhitaji barua ya kumkumbusha.

Tusiipambe sana, maana sisi tulio mbali tuna kawaida ya kuyapaka asali yote ya zamani. Kikao cha ndiva kilikuwa cha wanaume, tena wazee, na wenye ukoo walikuwa na neno la mwisho. Mahali pengine mwanamke hakuruhusiwa hata kukikaribia chanzo, ingawa yeye ndiye aliyebeba mtungi. Ninachotaka kukionyesha ni kitu kingine. Aliyetoa jasho lake alijua kwa nini anatoa, alimjua anayegawa, na maji yakikosekana alijua mlango wa kubisha.

Shauri la Mbiru

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walileta mtindo wao wa kutawala kupitia kwa machifu. Gavana Donald Cameron aliutilia nguvu kwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji. Upare machifu walikuwa kadhaa, kuanzia Ugweno na Usangi kaskazini hadi Mbaga, Mamba na Gonja kusini, nao waliketi katika baraza moja chini ya jicho la Bwana Shauri aliyekuwa Same. Baraza lilikuwa na hazina yake. Kutoka hazina hiyo zililipwa gharama za makarani, mahakama, barabara, shule na zahanati chache. Kwa maneno mengine, hii ndiyo huduma ya jamii ya wakati huo, na waliopanga matumizi yake walihesabika kwenye vidole.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katikati ya vita, ikaamuliwa kwamba hazina iongezewe fedha. Juu ya kodi ya kawaida ambayo kila mwanamume alilipa sawasawa na mwenziwe, ikawekwa kodi ya pili itakayopanda kulingana na mali ya mtu. Ikapewa jina la mbiru, jina la ushuru wa zamani wa machifu, pengine kwa kudhani kwamba jina la kienyeji litailainisha.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Ukiitazama kwenye karatasi, mbiru ni kodi ya haki: mwenye nacho atoe zaidi, asiye nacho atoe kidogo. Sisi tunaokatwa kodi za mapato Uingereza na Marekani tunakatwa kwa kanuni hiyohiyo. Kwa nini basi Wapare, ambao si watu wa fujo, waliikataa kwa nguvu kiasi kile?

Jibu liko katika namna ilivyokuja. Iliamuliwa na ofisa na machifu. Mwananchi aliijua pale wakadiriaji walipofika nyumbani kwake kutazama mifugo, migomba na mibuni na kumwandikia kiasi chake. Hakujua kipimo ni kipi. Jirani yake mwenye mali kama yake aliandikiwa kiasi kingine, na mkadiriaji alikuwa mtu wa chifu, mwenye ndugu zake na wagomvi wake. Ilikuwa kodi inayopimwa kwa jicho la mtu, na jicho hilo halikuwa na wa kulihoji.

Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya. Hawakupiga mtu wala kuchoma kitu, walikaa tu. Waliokaa walipokezana na wengine kutoka vijijini, zamu kwa zamu, na wapo waliopeleka chakula. Utaratibu ule ungemshangaza asiyeujua msaragambo. Miongoni mwa waliosimama mbele alikuwamo Paulo Mashambo wa Mamba, mmoja wa watu waliopata kisomo cha misheni. Hawakusema kwamba hawatalipa kodi yoyote. Walisema hawaitaki mbiru, na wanataka kusikilizwa.

Miezi ikapita. Mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake, na wanawake nao wakaona imetosha. Mamia yao waliondoka Usangi, wakatembea kiasi cha kilomita 40 hadi Same, wakamwambia ofisa wa Kiingereza maneno ambayo hakuwahi kufundishwa kuyajibu: alimalize shauri ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo awe yeye mume wao na awazalishe wote. Wengine husimulia kisa hicho kama kichekesho. Binafsi naona ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa katika shauri lile, kwa sababu ilimwonyesha mtawala gharama ya uamuzi wake kwa watu ambao jina lao halikuwamo hata kwenye orodha ya walipa kodi.

Mwaka 1946 mbiru ikaondolewa, na mabaraza yakaanza kupangwa upya ili watu wa kawaida, wasio wa ukoo wa chifu, wapate nafasi ya kuketi humo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwenyewe Mpare, alikiandikia kisa hiki kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1971. Kwa vijana wetu waliozaliwa huku na wanaotafuta mada ya insha ya historia, hicho ni mahali pazuri pa kuanzia.

Faida ya Mbiru haikuwa shilingi chache zilizookolewa, maana kodi nyingine ziliendelea. Faida ni kwamba kwa mara ya kwanza ofisi ililazimika kukubali kuwa baraza bila wananchi ni mkutano wa wakusanyaji tu.

Bomba la Serikali

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 matumaini yalikuwa makubwa. Zikaundwa kamati za maendeleo za vijiji, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria. Uhuru na Kazi ikawa kauli ya kila mkutano. Watu walijitolea kwa wingi kujenga madarasa na barabara, na Upare, ambako msaragambo ulikuwapo tayari, hilo halikuhitaji mwalimu. Baadhi ya viongozi wa wakati ule walishindwa kwenda na kasi: wananchi walijenga darasa, halafu serikali haikuwa na mwalimu wa kulipeleka.

Kisa kimoja cha miaka hiyo hakikutokea Upare, lakini hakiwezi kuachwa, kwa sababu kilionyesha mpaka wa majadiliano ulipo. Huko Songea, vijiji kadhaa vikiongozwa na kile cha Litowa viliunda Umoja wa Maendeleo Ruvuma. Ntimbanjayo Millinga alikuwa kiongozi wake na Mwingereza Ralph Ibbott mshauri wao. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao na mashine yao ya kusaga, na kila jambo walilijadili wenyewe mpaka likaeleweka. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na mengi aliyoyaandika mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini wao walikuwa wameshayatenda. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja huo. Kosa lake kubwa, kwa kadiri ninavyoona, ni kwamba ulikuwa unaamua. Chama kilitaka vijiji vya ujamaa, lakini vile vilivyoundwa na chama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikapelekwa kwa wakurugenzi walioteuliwa, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanashuka mikoani. Kwa mtu wa Usangi au Mbaga, diwani aliyemchagua ndiye aliyetoweka. Kisha Operesheni Vijiji, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Milimani watu walikuwa wamesongamana tayari, hivyo kwa sehemu kubwa vijiji vilichorewa mipaka pale vilipo. Sheria hiyo ilileta jambo moja jema ambalo limedumu hadi leo: mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, mwanamke kwa mwanamume, mwenye ukoo na asiye na ukoo, pamoja na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiozidi 25. Wale wazee wa ndiva wasingelikubali hilo kirahisi.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo, jambo kubwa kuliko yote kwa maisha ya kijiji liliamuliwa mbali na mkutano huo. Mwaka 1971 ulitangazwa mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi na salama umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Serikali ingejenga, serikali ingetunza, na mwananchi asingelipa kitu. Wahisani wa nje, wakiongozwa na Waswidi, waliuchangia sana mpango huo. Nia ilikuwa njema kabisa, na yeyote aliyemwona mama yake akirudi na ndoo kichwani hawezi kuicheka.

Lakini fikiria tofauti ya bomba hilo na ndiva. Ndiva ikibomoka, waliokosa maji ndio waliokwenda kuijenga. Bomba likipasuka, lilikuwa la Idara ya Maji. Fundi alikaa wilayani, vipuri vilikuwa mkoani, dizeli ilikuwa kwenye bajeti ya Dar es Salaam. Mwenyekiti wa kijiji aliandika barua. Uchumi ulipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Uganda, hata barua hazikujibiwa tena. Ulipofika mwaka 1991 wakazi wa vijijini waliokuwa wakipata maji ya uhakika hawakufika nusu.

Mwaka 1984 Mwalimu, katika mahojiano na jarida moja la nje, alisema wazi kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wa Afrika waliosema maneno kama hayo wakiwa bado madarakani. Kufikia hapo halmashauri za wilaya zilikuwa zimesharudishwa kwa sheria za mwaka 1982.

Shilingi Ishirini kwa Ndoo

Miaka ya 1980 wazazi wa mkoa wa Kilimanjaro, Upare ikiwamo, walichoka kungoja shule za sekondari za serikali, ambazo zilichukua watoto wachache mno. Wakaanza kujenga zao. Fedha zilitoka kwenye kahawa, kwenye mifuko ya makanisa na misikiti, na kwa wana-kijiji walioajiriwa mijini. Hapo ndipo ulipoanzia ule utamaduni tunaouendeleza huku ughaibuni, wa mkutano wa watu wa nyumbani jijini, daftari la michango, na mjumbe anayetumwa Krismasi au Idi kwenda kukagua ujenzi. Mpiga hesabu alikuwa anajulikana, na ukifika nyumbani ulilihesabu darasa kwa macho yako.

Kwenye maji, upepo uligeuka. Sera ya mwaka 1991, na zaidi ile ya mwaka 2002, ilisema kwamba maji yana gharama na wanakijiji wenyewe ndio wamiliki wa mradi. Kila kijiji kiunde kamati ya maji yenye wanawake ndani yake, kifungue akaunti, kichangie kabla ya ujenzi na kilipie uendeshaji baadaye. Shilingi 20 kwa ndoo ikawa bei ya kawaida katika vijiji vingi. Mahali pengine mpango ulishika vizuri. Wilayani Hai, kwa msaada wa Wajerumani, bodi za maji za watumiaji zilizoundwa miaka ya 1990 ziliendesha mabomba yao, zikatoza kwa mita na zikalipa mafundi wao.

Kwingineko haikuwa hivyo. Shirika la WaterAid lilipohesabu vituo vya maji katika wilaya kadhaa miaka ya 2000, lilikuta karibu nusu ya vituo vya vijijini havitoi maji, na katika vile vilivyokuwa na umri wa miaka miwili tu, robo vilikuwa vimeshakufa. Hao ni wanakijiji waliochanga na kuketi kikao, na mitaro walichimba wenyewe. Kilichopungua mara nyingi hakikuwa kikao. Teknolojia ilikuwa imeshachaguliwa kabla yao, mkandarasi alitafutwa na wilaya, na mwishoni wakakabidhiwa mashine na kuambiwa hongereni, sasa ni mali yenu. Wale wa mwaka 1971 walinyimwa umiliki. Wa miaka ya 2000 walipewa umiliki wa kitu ambacho hawakukichagua.

Katika miaka hiyo vijiji vilipata pia zana mpya ya kupangia, iliyoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wawezeshaji walifika kijijini, wakakaa siku kadhaa na wananchi, makundi ya wanawake, vijana na wazee yakasikilizwa, na ukaandikwa mpango wa kijiji. Kazi ilikuwa nzuri. Kisha mpango ulipanda kata, ukapanda wilaya, ukakutana na kitu kinachoitwa ukomo wa bajeti, ambacho hakikuwa kimekaa kikao na mtu yeyote.

Naongeza jambo moja linalonisumbua, na najua wapo watakaonipinga. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa. Wengi walishangilia kwa haki, maana ukusanyaji wake ulikuwa wa mgambo na vizuizi barabarani, na maskini walikimbilia porini. Lakini halmashauri za vijijini zikabaki zikitegemea fedha za serikali kuu kwa sehemu kubwa sana ya bajeti zao. Wapare wa mwaka 1945 waliweza kusema "hatulipi mpaka mtusikilize" kwa sababu kulikuwa na kitu walichokuwa wakidaiwa. Halmashauri inayopata fedha zake kutoka juu, jicho lake hutazama juu. Sisemi kodi hiyo irudi. Nasema mwananchi alipoteza fimbo, na hakupewa nyingine ya kushika.

Pengine fimbo hiyo sasa iko mikononi mwetu bila ya sisi kujua, kwa kuwa fedha za ndugu walio nje zimekuwa mchango mkubwa katika vijiji vingi. Na hapa ndipo tunapofanya, wakati mwingine, kile alichofanya Bwana Shauri. Tunakaa watu kumi na wawili kwenye kundi la WhatsApp, tunaamua kwamba kijiji kinahitaji zahanati, tunatuma fedha kwa kaka wa mmoja wetu. Kuta zinapanda. Halafu inagundulika kwamba zahanati haiendeshwi na kuta: muuguzi huajiriwa na kupangwa kwa utaratibu wa serikali, dawa hutoka Bohari ya Dawa kwa vituo vilivyosajiliwa, na halmashauri haikuwa na zahanati hiyo katika mipango yake. Tangu mwaka 2007, serikali iliposema kila kijiji kiwe na zahanati, nchi imejaa maboma ya namna hiyo, mengine yaliyojengwa na wananchi wenyewe, mengine kwa fedha zetu. Mbuzi hulala humo.

Sheria, kwa bahati nzuri, iko upande wa anayeuliza. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, basi hata kiwanja cha hiyo zahanati lazima kiwe kimepita kwa wananchi. Kwa hiyo kuna karatasi tunayoweza kuiomba kabla ya kufungua pochi, nayo ni muhtasari wa mkutano mkuu wenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na kilichosemwa na waliopinga. Pamoja nayo, barua ya mganga mkuu wa wilaya kwamba watumishi watapangwa. Kama muhtasari hauna hata mmoja aliyepinga au kuuliza, mimi hupata wasiwasi. Sijaona bado kijiji cha Upare ambacho watu wote wanakubaliana kuhusu kiwanja.

Maji nayo yameingia awamu nyingine. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kamati za zamani zikaunganishwa kuwa vyombo vikubwa zaidi vya watumiaji maji, vyenye mafundi na wahasibu wa kulipwa. Na baada ya zaidi ya miaka kumi ya kuanza na kusimama, mradi mkubwa wa kuvuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu kwenda Mwanga, Same na hadi Korogwe ulizinduliwa Machi 2025. Watu wa tambarare, waliokuwa wakiyatazama mawingu juu ya milima bila kupata tone, sasa wana bomba.

Maji hayo yanapandishwa kwa pampu zinazokula umeme, yanasafishwa kwa dawa zinazonunuliwa, na yatalipiwa kwa mita. Bei za mamlaka za maji nchini haziwekwi kimya kimya. EWURA, yenye kazi ya kuzidhibiti, huitisha kwanza mkutano wa hadhara unaoitwa taftishi. Mamlaka ya maji hueleza kwa nini inataka kupandisha bei, na wananchi hujibu, kwa mdomo au kwa maandishi. Aliye nje anaweza kuandika. Anaweza pia kumpigia mama yake simu, kumsomea tarehe na mahali, na kumtumia nauli ya kwenda.